Vitalu vya Miche kati ya Ngaramtoni na Tengeru: Safari ya Siku Moja ya Masika

Katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru mwaka wa mkulima hugawanywa na mvua, na masika, yaani mvua ndefu ambazo kwa kawaida huanza katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei, ndiyo majira ambayo biashara ya miche hupamba moto kuliko wakati mwingine wowote. Mche uliopandwa mwanzoni mwa mvua hizo hupata miezi miwili ya kushusha mizizi kabla ya baridi ya kipupwe na ukavu unaofuata, ilhali uliopandwa Mei huingia Juni ukiwa bado unategemea udongo uliotoka nao kitaluni. Kwa sababu hiyohiyo Siku ya Taifa ya Kupanda Miti imewekwa tarehe 1 Aprili, na agizo linaloitaka kila halmashauri nchini ipande miti 1,500,000 kwa mwaka hutekelezwa, kwa sehemu kubwa, katika majuma haya machache. Masimulizi yanayofuata yanahusu Jumamosi moja ya mwishoni mwa Machi, ambapo mwandishi na mke wake, wakazi wa Sakina, walitoka kutafuta mti wa kivuli, miparachichi miwili na mimea ya kuotesha mpakani mwa kiwanja chao. Haja yao ilikuwa ya nyumbani tu, lakini njia waliyopita ilionyesha kwa uwazi jinsi sura ya kijani ya mji mzima inavyoamuliwa na watu wachache wenye viriba, ndoo na mpira wa maji.

Sakina iko kaskazini-magharibi mwa Jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Namanga na Nairobi, na ndipo inapoanzia barabara ya njia nne iliyojengwa hadi Tengeru kwa urefu wa kilomita 14.1. Eneo hili lina mwinuko wa mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na udongo wake mweusi umetokana na majivu na miamba ya Mlima Meru, volkano yenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 ambayo ilitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Mvua hainyeshi sawasawa kuuzunguka mlima huo: pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huumwaga upande wa kusini na kusini-mashariki, na upande wa kaskazini na magharibi hubaki katika kivuli cha mvua, hali ambayo msafiri huiona kwa macho akipita Ngaramtoni kuelekea Oldonyo Sambu, ambapo migomba na kahawa huachia nafasi nyasi fupi na migunga. Sakina basi imo ndani ya ukanda wa neema, karibu na ukingo wake, na si ajabu kwamba vitalu vimejipanga katika barabara hiyo.

Kitalu ni mahali ambapo mbegu husiwa, na miche inayotoka hulelewa chini ya kivuli hadi iweze kuhimili shamba. Vitalu vya kando ya barabara vilivyotembelewa asubuhi hiyo vilikuwa vya aina moja: neti nyeusi ya kivuli iliyotandazwa juu ya nguzo za mikaratusi, lundo la udongo wa msituni lililochanganywa na samadi na mchanga wa mtoni, pipa la maji, na mamia ya viriba vilivyosimamishwa kwa safu. Kiriba ni mfuko mwembamba wa plastiki mweusi, uliotobolewa chini ili maji yapite, na ndicho chombo ambacho shughuli yote hii inakitegemea. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, haikuigusa mifuko ya matumizi ya kilimo, na bila nafuu hiyo vitalu vingi vya mjini vingekuwa vimefungwa. Tatizo la plastiki hiyo halikuondoka kwa kuruhusiwa, kwani viriba vilivyochanwa siku ya kupanda huonekana vimetapakaa mitaroni hadi mvua zinakwisha, na ni jambo ambalo wenye vitalu na wateja wao wangeweza kulimaliza kwa kukusanya tu.

Kijana aliyekuwa akimwagilia aliwasalimu wageni kwa shikamoo, akamwita mke wa mwandishi mama na mwandishi mzee, kisha akaanza kutembeza mali yake kwa mpangilio ambao bila shaka amejifunza kwa wateja: kwanza miashoki, ile miti mirefu myembamba yenye majani yanayoning'inia, ambayo asili yake ni Bara Hindi na Sri Lanka na ambayo sasa husimama kwenye karibu kila lango jipya la mji, kisha misaipresi, ambayo watu wengi huiita mikrismasi, halafu bogenvilia za rangi tatu, mawaridi, na magunia ya ukoka wa Pemba, nyasi nene za bustani zinazouzwa kwa vipande vya kupandikiza. Alipoulizwa kama ana mringaringa, mti wa asili wa nyanda hizi, alisema ameusikia lakini hana, na kwamba wateja hawauulizi. Jibu hilo, lililotolewa kwa adabu na bila kujitetea, ndilo lililobadilisha safari, kwa maana kuanzia hapo wenzi hao waliamua kuuliza swali hilohilo katika kila kitalu watakachoingia.

Kabla ya kuondoka hapo, mke wa mwandishi, ambaye amekulia katika familia ya wakulima wa kahawa na migomba upande wa Kilimanjaro, alifanya ukaguzi ambao mnunuzi yeyote wa miche angenufaika kuuiga. Aliinua kiriba cha mwashoki mmoja uliokuwa mrefu na wa kuvutia kuliko wenzake, akakitazama chini, akakuta mzizi mkuu umetoka kwenye tundu na kuzama ardhini; mche wa namna hiyo hung'olewa siku ya mauzo, mzizi wake hukatika, na mnunuzi hubeba majani mengi yasiyo na wa kuyanywesha. Katika kiriba kingine mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya mfuko kwa kukosa pa kwenda, dalili kwamba mche umekaa kitaluni kupita muda wake, na mizizi iliyojizungusha huendelea kujizungusha hata baada ya kupandwa. Mche bora, alieleza, ni ule wenye shina nene badala ya shina refu tu, ambao kiriba chake huhamishwa na mizizi yake kupunguzwa mara kwa mara, na ambao umeondolewa chini ya neti majuma machache kabla ya kuuzwa ili uzoee jua, hatua ambayo wataalamu huiita kukomaza miche. Kijana alimsikiliza kwa makini na kukiri kwamba wateja wengi huchagua mche mrefu zaidi.

Kutoka Sakina kwenda Ngaramtoni ni mwendo mfupi wa daladala, na njiani msafiri hulipita eneo la utafiti lililojulikana kwa miaka mingi kama TPRI, ambalo sasa ni la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Ndani ya uzio huo ipo Hebaria ya Taifa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kubandikwa kwenye karatasi ngumu na kuandikwa jina, mahali ilipochumwa na tarehe, pamoja na kituo cha kutunzia nasaba za mimea, ambako mbegu za mazao ya nchi huhifadhiwa kwenye ubaridi. Ni jambo la kutia uchungu kidogo kwamba kumbukumbu ya uoto wa nchi nzima iko karibu hivyo na vitalu vya kando ya barabara ambavyo havina hata mche mmoja wa miti ya asili iliyomo katika kumbukumbu hiyo. Juu zaidi ya Ngaramtoni, katika mteremko, kipo Chuo cha Misitu Olmotonyi, na kukizunguka kuna misonobari na misaipresi ya shamba la miti la serikali lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Miti hiyo, iliyotoka Mexico na Amerika ya Kati, hupandwa kwa mbao, na kwa kazi hiyo haina mpinzani, maana hunyooka na kukua haraka.

Katika upande huo wa mlima ndipo kilipopatikana kitalu cha mzee mmoja, kilichojificha nyuma ya migomba kando ya mfereji, ambacho hakikuwa na bango wala neti. Kivuli chake kilikuwa kichanja cha fito kilichoezekwa nyasi, na chini yake, katikati ya mamia ya miche ya mgrevilea, kulikuwa na safu moja ya mringaringa, majani yake ya mviringo yakiwa mapana na yenye kukwaruza yanapoguswa. Mringaringa, ambao wataalamu huuita Cordia africana, ni mti wa asili wa nyanda za juu za Afrika. Huchanua maua meupe ambayo nyuki huyapenda, mbao zake hutengenezwa samani na mizinga, na kwa vizazi vingi umeachwa ukue ndani ya mashamba ya kahawa na migomba ya Kilimanjaro na Meru kwa sababu majani yake yanayopukutika huurutubisha udongo. Mgrevilea nao, uliotoka Australia na kuletwa Afrika Mashariki kuwa kivuli cha chai na kahawa wakati wa ukoloni, umezoeleka kiasi kwamba wakulima wengi huudhani wa kwao. Huota upesi, hukatwa matawi kwa kuni na kuchipua tena, na haufai kuchukiwa. Hoja ya mwandishi ni kwamba ukiwa peke yake hautoshi.

Mzee huyo alieleza kwa utulivu sababu ya safu kuwa moja tu. Mbegu ya mgrevilea hununuliwa kwa urahisi na huota baada ya majuma machache, lakini tunda la mringaringa lazima liokotwe chini ya mti, lioshwe utando wake unaonata, na mbegu ipandwe ikingali mbichi, kisha mtu asubiri hata miezi miwili kabla ya kuona jani. Ipo miti mingine ya misitu ya milimani ambayo ni migumu zaidi: Prunus africana, ambao magome yake yalisafirishwa kwa wingi Ulaya kutengenezea dawa ya tezi dume hata biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 1995, una mbegu zinazopoteza uhai upesi zikikauka, kwa hiyo haziwezi kuwekwa ghalani kusubiri mteja. Mtu aliye kwenye shamba lake mwenyewe anaweza kuvumilia hayo. Aliye mjini, anayefanyia kazi kwenye hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi ulioachwa kwa ajili ya upanuzi na ambao anaweza kuamriwa kuuondoka wakati wowote, hawezi kusia mbegu ya kumkawiza. Atachagua kinachoota mapema, kinachobebeka na kinachouzika wiki hii. Uhaba wa miti ya asili vitaluni hautokani na kutojali kwa wauzaji, kama inavyodhaniwa na wengi, bali na ardhi wasiyoimiliki na wateja wasiouliza.

Miringaringa miwili ilinunuliwa hapo, pamoja na msesewe mmoja ambao mke wa mwandishi aliutambua papo hapo, kwa kuwa magome yake machungu hutiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga. Mzee alikataa kuwauzia mche wa tatu wa mringaringa, akisema kiwanja cha mjini hakitautosha na kwamba mti huo hutanua matawi. Mfanyabiashara anayemkatalia mteja kwa faida ya mti anastahili heshima ya pekee.

Safari ya mchana ilirudi Sakina na kuendelea mashariki kwa barabara ya njia nne, kupitia Sanawari na kuivuka mito inayoshuka kutoka mlimani, hadi Tengeru, ambako Jumamosi ni siku ya soko. Tengeru ina historia ndefu ya elimu ya mazao ya bustani: hapo kipo kituo cha utafiti cha TARI Tengeru, kinachoshughulikia matunda, mboga na maua, na jirani yake Kituo cha Mboga Duniani kimekuwa na ofisi yake ya kanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nyanya iitwayo Tengeru 97, inayolimwa hadi nje ya mkoa huu, ilichukua jina la mahali hapa. Sokoni miche ya mboga haiuzwi kwa kiriba bali kwa fungu, mizizi ikiwa imefungwa kwa jani la mgomba lenye unyevu: nyanya chungu, mnavu, kabichi, pilipili hoho. Wauzaji wengi ni wanawake, na hapa kumbukumbu ya Wangari Maathai haiwezi kukosa nafasi, kwa kuwa vuguvugu la Green Belt aliloanzisha Kenya mwaka 1977 lilijengwa juu ya vitalu vya wanawake wa vijijini waliolipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa. Kilichohesabiwa kilikuwa miche iliyoishi, na kipimo hicho kinafaa zaidi kuliko idadi ya mashimo yanayochimbwa siku ya sherehe.

Kilichowaleta wenzi hao Tengeru, hata hivyo, kilikuwa parachichi. Zao hili limekuwa tegemeo kubwa la wakulima wa nyanda za juu za kaskazini na kusini mwa Tanzania, na aina inayotafutwa sokoni ng'ambo ni Hass, ambayo ilianza na mti mmoja uliooteshwa na tarishi wa posta wa California, Rudolph Hass, aliyepewa hataza yake mwaka 1935. Mbegu ya parachichi haizai tunda linalofanana na mama yake, kwa sababu maua huchavushwa na miti mingine. Kwa hiyo Hass zote duniani zimetokana na mti ule mmoja kwa njia ya kubebesha, ufundi wa kuunganisha kijiti cha mti unaotakiwa, kiitwacho kikonyo, juu ya shina la mche mwingine uliotokana na mbegu ya kienyeji.

Katika kitalu kimoja nje kidogo ya soko ufundi huo ulitazamwa kwa karibu. Mwanamke aliyeketi kwenye kigoda alichukua mche wenye unene wa penseli, akaukata kichwa sentimita kama 20 kutoka kwenye udongo, akapasua katikati ya kisiki kwa wembe mpya. Akanoa ncha ya kikonyo pande mbili kama kabari, akaichomeka kwenye mpasuko huku akihakikisha ganda la kijani la kikonyo linagusana na ganda la shina angalau upande mmoja, kwani ni katika tabaka hilo jembamba chini ya ganda ndimo viungo viwili hushikana. Akazungushia utepe wa plastiki kutoka chini kwenda juu ili maji ya mvua yasiingie, na kukifunika kikonyo kwa kifuko chepesi. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko maelezo yake. Baada ya majuma matatu au manne macho ya kikonyo hufunguka, na mti wa namna hiyo unaweza kuanza kuzaa katika mwaka wa tatu, ilhali uliotokana na mbegu tupu huchukua miaka mitano, saba au zaidi.

Kovu la kiungo ndilo cheti cha mnunuzi. Miche ya mbegu huuzwa wakati mwingine kwa jina na bei ya Hass, na mkulima hugundua udanganyifu huo baada ya miaka mingi ya kumwagilia. Ni wizi wa muda, ambao hakuna fidia inayoweza kuurudisha. Mwanamke yule mwenyewe aliwaonyesha wateja wake kovu la kila mche, akamwambia mke wa mwandishi, "Dada, usipoliona, usilipe." Aliwashauri pia wasichukue Hass mbili bali Hass moja na moja ya aina ya Fuerte, kwa sababu ya tabia ya maua ya parachichi: ua la Hass hufunguka kwanza asubuhi likiwa jike, hujifunga, kisha hufunguka tena mchana wa siku inayofuata likitoa chavua, na la Fuerte hufuata ratiba iliyo kinyume, hivyo moja linapohitaji chavua jingine huwa nayo.

Jambo la mwisho lilikuwa mpaka, na hapo mume na mke hawakuwa na rai moja. Mwandishi alipendelea michongoma, ambayo miiba yake huzuia mbuzi na wezi. Mke wake alitaka masale, mmea wa jamii ya drasena wenye majani marefu ya kijani kibichi, ambao kwa Wachagga huonyesha mpaka wa shamba na pia hupelekwa na mkosaji kwa aliyemkosea kama ombi la msamaha, ombi ambalo si rahisi kulikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mpaka ni mahali pa ugomvi, na inafaa ukaoteshwa mmea wa mapatano. Mwandishi alikubali, na kukubali huko hakukuwa kwa shingo upande. Masale hayakupatikana kitaluni, kwani hayauzwi sana. Yalikatwa bure uani kwa jamaa mmoja wa Tengeru, vijiti vya urefu wa mkono, ambavyo huchipua vikichomekwa tu kwenye udongo wenye unyevu. Ikumbukwe kwamba maji ya vyanzo vingi vya Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini yaleyale yanayotia rangi ya kahawia kwenye meno ya wakazi, na mimea ya jamii hii haiyavumilii, hasa inapokuzwa kwenye vyungu ndani ya nyumba, ambapo ncha za majani hukauka; maji ya mvua yaliyokingwa huifaa zaidi.

Mashimo ya miparachichi na ya miringaringa, yenye sentimita 60 kwa kila upande, yalikuwa yamechimbwa majuma mawili kabla, udongo wa juu ukiwa umetengwa na wa chini, na miche ilipandwa jioni hiyohiyo ili isikutane na jua kali siku ya kwanza. Msomaji wa Arusha anayekusudia kupanda mti mwaka huu anaombwa jambo moja: aingiapo kitaluni, aulize mringaringa, msesewe au mti mwingine wa asili wa mlima huu kabla ya kuulizia mwashoki, na asipoupata aache oda na malipo ya awali kwa ajili ya masika yajayo. Mbegu za miche ya Machi husiwa kati ya Septemba na Novemba, na mwenye kitalu husia kile alichoulizwa.